Tope la Mang'ula: siku tano nikiyafuata maporomoko ya Sanje

Alhamisi

Kila niliyemwambia kwamba naenda milima ya Udzungwa mwishoni mwa Machi aliniuliza swali lilelile: hukuona mwezi mwingine? Niliuona. Miaka miwili iliyopita nilikwenda Agosti, njia kavu, jua zuri, nikakuta maporomoko yamekonda kama kamba ya katani iliyosahauliwa ukutani. Picha nilizorudi nazo zilikuwa za mwamba. Nikajiapiza kwamba safari nyingine nitakwenda maji yakiwa yamejaa, na maji kujaa upande wa Kilombero ni masika, na masika ni tope. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Begi langu lilikuwa na kamera ya mtumba niliyoinunua Kariakoo, lenzi mbili, stendi ya miguu mitatu, filta nyeusi ya kupunguza mwanga, vitambaa sita nilivyokata kwenye kanga iliyochakaa, mwavuli, na mifuko minne ya mkate. Zamani ningebeba rambo, mfuko wa plastiki, na kumaliza shughuli, lakini rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, na tangu hapo mpiga picha wa mvua anajitegemea kwa mkate. Mfuko wa mkate mkubwa unaingia kamera na lenzi yake bila taabu. Ukiutoboa mbele na kuufunga kwa mpira wa nywele, unafanya kazi kuliko makoti ya kamera yanayouzwa kwa bei ya kiwanja. Tatizo ni moja tu. Inabidi kwanza mle mikate minne.

Basi liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 12 na robo asubuhi. Mvua ilitupokea Chalinze, ikatuacha Morogoro, ikaturudia ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako swala walikuwa wamesimama pembeni ya lami, vichwa chini, kama abiria waliokosa gari. Mikumi mjini tukaiacha barabara ya Iringa, tukakata kushoto kuelekea Kidatu. Pale darajani Ruaha Mkuu ulikuwa unapita na rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo. Abiria wa siti ya mbele yangu akasema, "Huko juu wamelima hadi mitoni." Hakuna aliyemjibu.

Baada ya hapo ni miwa kushoto, miwa kulia, na nyuma ya miwa ya kulia kuna ukuta. Udzungwa haina vilima vya kukuandaa. Bonde la Kilombero liko mita mia mbili na kitu tu juu ya usawa wa bahari, tambarare kama mkeka, halafu ghafla ardhi inasimama. Kilele cha Luhombero, huko ndani, kina mita 2,576, na msitu umepanda nao karibu njia nzima kutoka bondeni bila kukatika. Siku yenye anga safi, ukipita kijiji cha Sanje unaona maporomoko yenyewe kutoka kwenye dirisha la basi, utepe mweupe juu ya kijani. Nilikuwa nimekaa upande wa kulia kwa makusudi. Niliona wingu.

Mjomba alinisubiri kituoni Mang'ula na mwavuli mweusi wa fito zilizopinda. Ni mstaafu wa reli, amekaa hapa tangu miaka ya themanini akihudumia njia ya TAZARA. Ni Mhehe wa Iringa aliyeshuka mlima na kugoma kurudi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Kamwene. Hivi ni kweli umekuja kupiga picha maji?"

"Kweli mjomba."

"Maji si yapo Dar? Mnayalipia bili kabisa."

Ijumaa

Lango la hifadhi liko mwendo mfupi kutoka kwa mjomba. Fedha taslimu hazipokelewi. Unaandikiwa kontroli namba, unalipa kwa simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama paka wa jirani, kwa hiyo nilisimama chini ya mti mmoja nikiwa nimeinua simu juu kwa dakika arobaini. Askari wa zamu alinionea huruma, akanionyesha jiwe ambalo ukipanda juu yake mtandao unapatikana. Jiwe lilikuwa limelainika kabisa kwa nyayo za walionitangulia.

Siku ya kwanza sikutaka makubwa. Karibu na makao makuu kuna njia fupi, kama kilometa moja, inayokwenda kwenye maporomoko ya Prince Bernhard. Jina ni la Bernhard wa Uholanzi, rais wa kwanza wa WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori, aliyekuja hifadhi ilipozinduliwa mwaka 1992. Si maporomoko marefu. Kwa mazoezi yanatosha, na kwa mtu ambaye miguu yake imezoea ngazi za ghorofa ni heri kuanza na kidogo.

Nilipaswa kukumbuka jambo ambalo kila mpiga picha wa pwani analijua: kamera iliyolala kwenye chumba chenye ubaridi, ukiitoa ghafla msituni ambako hewa ni kama ya jikoni mchele ukikaribia kuiva, inatoka jasho. Nilifungua begi, nikatazama kwenye kioo cha kamera, nikaona maziwa. Nikaifuta mbele, ukungu ulikuwa ndani. Hapo hakuna la kufanya ila kusubiri. Nilikaa juu ya gogo, kamera imefungwa ndani ya mfuko wa mkate, nikiyasikiliza maporomoko ninayoyaona kwa macho na siwezi kuyapiga. Mwongozaji wangu, kijana wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho, akaniuliza kwa upole, "Dada, imekufa?" Nikamwambia haijafa, inazoea hali ya hewa. Akaniangalia mimi nilivyokuwa natiririka jasho, akasema, "Sawa, mzoee wote wawili."

Ilipozoea nilipiga picha kumi na tisa. Niliporudi na kuzikuza, zote zilikuwa na tatizo moja. Stendi ilikuwa imesimama kwenye udongo uliolowa, na udongo uliolowa hautulii; ukiacha shata, kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi kwa sekunde moja, ile sekunde moja stendi inazama unene wa unywele, na majani yote yanapata kivuli chake. Kwa macho huoni. Picha inaona. Nikaandika kwenye daftari: *miguu ya stendi ikae kwenye jiwe, hata kama upande huo si mzuri.*

Usiku mvua ilianza kunyesha, si mvua ya kusema inanyesha, ni ya kusema imeshuka. Bati lilipiga kelele hadi tukaacha kuongea.

Jumamosi

Sikutoka. Mwongozaji alinipigia simu saa 11 alfajiri kuniambia kwamba Sanje leo haiendeki, mawe ya kuvukia yamefunikwa. Nilishukuru kimoyomoyo, kisha nikaanza kulalamika kwa sauti, kama ilivyo ada. Siku tano za likizo, na moja inakwenda na maji.

Mkaza mjomba alinikuta nimeichimbia kamera ndani ya ndoo ya mchele ili unyonye unyevu. Mchele wa Ifakara, ule wenye harufu. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hiyo ndiyo ya mchana."

"Kamera, mama?"

"Ndoo."

Ikabidi kamera ihamie kwenye kapu la dagaa wakavu, na sitaki kulizungumzia zaidi jambo hilo. Begi mpaka leo paka wanalifuata.

Ilipofika saa 4 mvua ilipungua, mjomba akaniambia nivae mabuti ya mpira ya mkewe nimfuate. Alikuwa na chupa mbili za soda tupu. Kwanza tukaenda kwenye kijito kinachotoka moja kwa moja msituni. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye nyasi, rangi ya chai ya rangi iliyokolea, yakibeba majani na vijiti. Akateka chupa ya kwanza. Kisha tukazunguka kwa mbali, tukivuta miguu kwenye tope la njia ya matrekta, hadi kwenye mtaro unaotoka mashambani. Hapo maji yalikuwa mazito, mekundu, kama rojo. Akateka ya pili. Hakusema kitu. Mjomba ni wa kizazi kile ambacho kikitaka kukufundisha kinakuacha ujikwae mwenyewe.

Chupa zote mbili akaziweka dirishani. Tukala, tukalala kidogo, tukaamka. Kufika jioni ile ya msituni ilikuwa imetulia: takataka ndogo chini, juu maji unayoweza kusomea gazeti, yenye wekundu mdogo wa majani. Ile ya shambani ilikuwa vilevile kama asubuhi.

"Umeona?" akasema. "Hii mvua haianguki chini kule juu. Inaanguka kwenye jani, jani linaipa jani la chini yake, la chini linaipa mboji, mboji inaishika. Inateremka kesho na keshokutwa. Huku kwenye jembe inaanguka, inaondoka na udongo, kwisha. Mvua ikikatika usiku huu, kesho Sanje itakuwa imeshajisafisha. Ruaha usiungoje, utaungoja mpaka Juni."

Nilimwambia kwamba hayo angeweza kunieleza bila kunitembeza kwenye tope. Akasema nisingeamini, na ni kweli nisingeamini.

Mkaza mjomba, aliyekuwa anachochea moto, alikuwa na maneno yake. Zamani wanakijiji waliruhusiwa kwa siku maalumu kuingia hifadhini kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa ikakoma. Sasa ananunua mkaa, au anatembea mbali kutafuta kuni za mashambani. "Msitu unatunza maji, nakubali," alisema. "Na mimi nipike kwa maji?" Mjomba akajifanya anasikiliza redio.

Mvua ilikatika saa 3 usiku. Niliamka mara mbili kuhakikisha.

Jumapili

Bodaboda ilinifikisha kijijini Sanje, kama kilometa kumi kaskazini ya Mang'ula, kabla ya saa 1 asubuhi. Tope lilikuwa limenifika mgongoni tayari, na sikuwa nimepiga hata hatua moja kwa mguu. Wingu lilikuwa limeinuka usiku. Na yale pale, juu ya mapaa ya nyumba: maporomoko ya Sanje, meupe, mapana mara tatu ya yale ya Agosti. Jumla ni mita 170 katika ngazi tatu. Mama mmoja alikuwa anakaanga vitumbua kayapa mgongo. Nikanunua vinne.

Mwongozaji alinikatia fimbo, akanipa masharti mawili. La kwanza: usishike mti kabla hujautazama. La pili: akisimama, simama; akikimbia, usiulize.

Sasa niseme kuhusu tope, maana ndilo nililotembea nalo kwa saa saba, na watu hulitaja kana kwamba ni kitu kimoja. Njia ya Sanje ina angalau matatu. Kuna la mwanzo, la udongo mwekundu uliokanyagwa na wengi: hili halizamishi, linateleza tu, ni kama mtu kapaka sabuni ya mche kwenye sakafu. Dawa yake ni kukanyaga pembeni, kwenye mizizi na majani, na kuweka mguu bapa, usitangulize kisigino. Kuna la pili, jeusi, la majani yaliyooza, linalokaa kwenye vibonde: hili halitelezi hata kidogo, linameza. Mguu unaingia mzima, unatoka nusu, buti linabaki. Hapa fimbo ndiyo inatangulia. La tatu si tope hasa, ni utando mwembamba wa kijani juu ya mwamba uliolowa, karibu na maji. Unaonekana kama jiwe safi. Hilo ndilo linalovunja watu mikono, na hilo dawa yake ni kutambaa bila aibu.

Nilianguka mara nne. Mara tatu kwa la kwanza, na moja nitaieleza.

Nusu saa kupanda, mwongozaji alisimama. Nami nikasimama. Chini, katikati ya njia, kulikuwa na mashimo ya duara, kila moja pana kuliko beseni la kunawia, yamejaa maji yenye rangi ya anga. Tembo. Walipita usiku wakipanda, mwinuko uleule ambao mimi naupanda kwa kushika magoti. Kinyesi chao kilikuwa bado na mvuke. Nilitaka kupiga picha ya zile nyayo, nikaweka stendi, nikainama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesimama juu ya njia ya siafu. Mtu asiyewahi kuingiliwa na siafu ndani ya suruali, mbele ya mtu asiyemfahamu vizuri, hana habari ya kasi ya binadamu. Kijana wa watu aligeuka akatazama miti kwa heshima kubwa mpaka nilipomaliza.

Wakati nikijikung'uta ndipo tukasikia sauti kutoka bondeni upande wa kulia, mlio mmoja mzito, kimya kidogo, kisha mfululizo kama mtu anayesukutua koo. Mwongozaji akanyoosha kidole: ng'olaga. Nilikuwa nimesoma habari zake, ila kuisikia ni jambo jingine. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa msituni humu wakishughulika na mbega wekundu waliposikia mlio wasioujua. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia bila kushangaa: huyo ng'olaga. Kwao alikuwa nyani mpya kwa sayansi. Kwa mwenyeji alikuwa ng'olaga tu, kama siku zote. Leo vitabuni anaitwa kwa jina la kijiji hiki, mangabei wa Sanje, na hapatikani popote duniani isipokuwa Udzungwa. Sikumwona. Nilisikia matawi yakitikisika, basi.

Ngurumo ya maji tuliisikia muda mrefu kabla ya kuyafikia, kwanza kama lori linalopanda Kitonga, baadaye tukawa tunaongea kwa mikono. Kisha miti ikafunguka.

Mjomba alikuwa sahihi. Maji yalikuwa meupe yanapoanguka, na kwenye bwawa chini yalikuwa na ule wekundu mdogo wa majani, kama chupa yake ya dirishani. Baada ya mvua ile! Nilisimama tu. Upepo unaotoka kwenye maji ulikuwa unasukuma manyunyu moja kwa moja usoni, na kila jani, kila unyoya wa kuvu kwenye mawe, ulikuwa unatikisika bila kupumzika.

Ndipo nikamkumbuka chura wa Kihansi. Kihansi iko upande wa kusini wa milima hiihii, na huko kulikuwa na chura mdogo wa manjano, aliyeonekana na watafiti mwaka 1996, ambaye hatagi mayai bali huzaa, na ambaye maisha yake yote yalikuwa ndani ya manyunyu kama haya, eneo dogo kuliko shamba la mtu. Bwawa la umeme lilipoyachepusha maji, manyunyu yakakatika. Wakafungiwa mabomba ya kuwanyunyizia, lakini mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini; waliobaki walikuwa wanalelewa Marekani, kwenye bustani za wanyama, na baadaye wakaanza kurudishwa. Watu walicheka sana magazetini wakati ule, chura kupanda ndege. Mimi mwenyewe nilicheka. Nikiwa nimesimama pale, maji yakinidondoka kwenye nyusi, haikunichekesha kama zamani.

Kazi ikaanza. Stendi nikaiweka juu ya mawe matatu, kila mguu na lake, ule wa mbele ndani ya maji. Mwongozaji akashika mwavuli juu ya kamera, upande wa upepo. Mtindo ulikuwa huu: kufuta lenzi kwa kitambaa cha kanga, kufunika kwa kiganja, kusubiri upepo upungue, kutoa kiganja, kubonyeza, kufunika. Picha moja, kitambaa kimoja. Vitambaa sita viliisha upesi, nikahamia kwenye pindo la blauzi.

Na hapa ndipo nilipoanguka ile mara ya nne. Nilitaka kufunga filta nyeusi ili niweze kuacha shata wazi sekunde kadhaa, maji yatoke laini kama hariri, ile picha niliyokuwa naiota tangu Agosti. Nikapiga hatua moja pembeni kutafuta nafasi ya kiwiko, nikakanyaga lile tope la tatu. Nilikaa chini kwa kishindo. Kamera haikuguswa, mwongozaji alishaikumbatia stendi nzima. Filta ilikwenda, ikadunda kwenye jiwe mara moja, mlio mdogo kama wa kijiko kwenye kikombe, ikaingia bwawani. Tuliitazama ilipozamia. Kijana akauliza kama aingie. Nikamwambia aache, na ilinichoma kusema hivyo.

Kumbe msitu ulikuwa na giza la kutosha. Saa 5 asubuhi, wingu zito, chini ya mwamba: nilipofunga tundu la lenzi hadi f/16 na kushusha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 100, kamera yenyewe iliomba nusu sekunde. Nusu sekunde inatosha sana. Tena nilijaribu sekunde mbili, kwa kutafuta pembe yenye giza zaidi, maji yakawa uji. Yalipoteza nyuzi zake zote, huoni yanapogongana na mwamba wala yanapojikunja. Robo sekunde ndiyo iliyonipendeza: yamelainika, lakini bado yana uzito. Mbunge yeyote wa chama cha hariri anaweza kunipinga.

Kabla sijafunga, kwa kumaliza betri tu, nilipiga kadhaa kwa kasi, shata moja ya mia tano, zikaganda matone hewani. Sikuzitilia maanani.

Tulipanda hadi juu, ambako mto unajimwaga. Kutoka pale bonde lote la Kilombero liko miguuni: miwa kwa mistari, mashamba ya mpunga yanayong'aa maji, reli kama uzi, na moshi wa vitumbua, au nilijisemea kwamba ni wa vitumbua. Tukala vile vinne vilivyobondeka. Kushuka sitakueleza. Kushuka kwenye tope la kwanza ni kukaa na kukubali.

Jumatatu

Miguu haikutaka kukunjika. Mkaza mjomba alinikanda kwa maji ya moto na chumvi huku akinisimanga kwamba mabuti yake yamerudi yamekua. Stendi niliiogesha kwa ndoo tatu. Mguu mmoja umeingia mchanga kwenye kiungo, ukiukunjua unasaga kama mashine ya mahindi, na nadhani utabaki hivyo.

Basi langu lilikuwa la saa 4, kwa hiyo baada ya chai nilimwonyesha mjomba picha kwenye kioo cha kamera. Nilianza na ile ya robo sekunde, niliyoichagua usiku kati ya mia na zaidi. Alivaa miwani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii umeichora?"

"Ni picha, mjomba. Nimeacha shata wazi kidogo, maji yakatembea."

"Maji hayako hivi. Haya ni pamba." Akaendelea kubonyeza kitufe, picha moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kama mkaguzi wa reli, mpaka akafika zile za mwisho, zile za kumalizia betri. Akasimama. Matone yalikuwa yametawanyika hewani, moja moja, na nyuma yake mwamba mweusi.

"Haya ndiyo maji," akasema. "Hii nitumie kwenye WhatsApp."

Nilimweleza kuhusu mwendo na hisia, kwamba jicho halioni tone moja moja hivyo, kwamba hiyo ya kwanza ndiyo iliyo karibu na unachokiona ukisimama pale. Akasema yeye amesimama pale mara nyingi kuliko mimi. Hatukukubaliana, na basi lilikuwa limeshapiga honi.

Nikakaa dirisha la kushoto, upande wa mlima. Tulipopita Sanje wingu lilikuwa limerudi chini kabisa, hadi kwenye miwa. Konda akaja kudai nauli, akasita, akanusa begi langu. "Dada," akasema, "hao dagaa ungewaweka kwenye buti."